Mahari Yenye Kamasi

Nyansiongo,
21 Januari 2025

Kwa Daktari Farhiya,
Maabara ya Chanjo, Kisii Mjini

Daktari,

Kwa heshima na taadhima, na huku nimesimama wima, nalitangazia taifa lote la Kenya, pamoja na jirani yangu Onyiego anayechungulia juu ya ua, kwamba leo asubuhi ng'ombe wangu aitwaye Sista amepiga chafya. Hakuna aliyefariki. Koti langu la mkutano wa shule limejeruhiwa vibaya.

Ulituambia tukiona chochote kisicho cha kawaida tukiandike na kukiweka kwenye sanduku la barafu, pamoja na vile vijiti vya pamba tunavyowachokoa navyo puani. Sasa mimi nimefundisha insha kwa miaka mingi hadi nikastaafu, na mtu kama mimi humwambii aandike kisha ukategemea mistari miwili. Utanivumilia.

Kwanza nisahihishe kama nimekuelewa vibaya. Ng'ombe wana ugonjwa wa pua nyekundu, unaoletwa na virusi vya jamii ya herpesi. Homa, kamasi, maziwa kukauka, mimba kutoka. Ninyi mnatengeneza chanjo. Nusu ya ng'ombe wangu wamechomwa chanjo yenyewe, nusu maji ya chumvi, na si wewe wala mimi tunaojua nani kapata nini. Sindano ya pili ni mwezi ujao. Mpaka jaribio liishe, asiingie ng'ombe mgeni zizini, wala dume la kuazima.

Lililonishinda ni hiki kijiti. Nikikiingiza puani kwa Sista, kinatoka na kitu kirefu, cha moto, kinachonifuata mkono kama mjukuu. Mke wangu Mokeira amesema sanduku lako halitakanyaga jikoni kwake, na mimi nisikae karibu na sufuria mpaka nioge. Tangu mje ninyi naoga kama bwana harusi.

Tukizungumzia harusi: binti yetu Phanice, yule fundi wa kushona kule Magwagwa, ameposwa na kijana anayeitwa Duke. Wazazi wa kijana ni watu wa Keumbu. Naambiwa nitaitwa kukagua ng'ombe wa mahari. Utaona mwalimu akigeuka mtaalamu.

Swali la mwisho. Virusi hivi vikiniingia, nitaota pembe?

Wako mwenye koti moja,
Mwalimu Machogu


Kisii Mjini,
24 Januari 2025

Mwalimu Machogu,

Hutaota pembe. Virusi hivi ni vya ng'ombe, watu haviwapati. Koti lifue kwa maji moto na sabuni, usilivae tena ukiwa na kijiti mkononi.

Umeelewa vizuri kuliko wanafunzi wangu. Nikuongezee jambo moja. Virusi vilivyo ndani ya chanjo yetu tumevinyofoa kipande kimoja. Kwa hiyo nikipima damu, najua huyu ng'ombe alichanjwa tu, au alikutana na virusi vyenyewe vya mtaani. Ng'ombe hawezi kunidanganya. Ndiyo maana nawapenda kuliko wenye ng'ombe.

Usiniulize kwa nini mtoto wa Abdirizak wa duka la vifaa vya ujenzi aliishia kwenye kamasi. Baba huwaambia wateja wake kwamba alinisomesha udaktari, na wakimwuliza wa nini, anahamia kwenye bei ya misumari. Chanjo hii nimeihangaikia tangu kabla sijaolewa. Ikipita kwenye mazizi yenu, itakwenda mbele. Ikianguka, wataifungia kabatini na mimi nirudi kuuza misumari.

Kwa hiyo tafadhali, Mwalimu. Mgeni asiingie. Hata akija na vyeti.

Hongera kwa Phanice.

Farhiya


Nyansiongo,
10 Februari 2025

Daktari wangu,

Habari zote ni njema. Tena njema sana. Sina hata la kukuandikia, ndiyo maana barua ni fupi.

Ng'ombe wako vilevile kama ulivyowaacha. Hakuna jipya zizini, hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka. Sista anakula. Wenzake wanakula. Mimi nakula kupita wote, maana majuzi nilikwenda Keumbu na Onyiego kukagua mahari, na baba wa kijana, Mzee Manasseh, alituwekea ugali wa wimbi na kuku wawili, tukaambiwa hatuondoki mpaka mifupa ionekane. Ng'ombe wa mahari wapo hukohuko Keumbu, mambo bado yanazungumzwa. Taratibu zetu zina maneno mengi, unajua.

Keshokutwa ukija na sindano ya pili, nitakuwa nimekwisha kuwapanga wote karibu na lango. Huna haja ya kuingia ndani. Kuna matope mabaya upande wa migombani, na viatu vyako ni vya mjini.

Mokeira anakusalimu. Leo hata hajagomba.

Mwalimu Machogu


Kisii Mjini,
13 Februari 2025

Mwalimu,

Asante kwa mapokezi. Kazi ya sindano ya pili imekwisha na sasa tunasubiri. Wape kama majuma mawili hivi, ndipo miili yao itakuwa imejijenga sawasawa.

Jana nilikuona mkimya, nikasema labda ni shughuli za harusi. Na Mama Mokeira mbona alisimama kwenye njia ya migombani kama askari wa benki? Nilimwomba nikanawe mikono huko nyuma kwenye bomba, akaniletea maji kwenye beseni, sabuni, taulo jipya na kiti. Nimenawishwa kama mtalii. Mwambie nashukuru, lakini anaharibu watu.

Farhiya


Nyansiongo,
24 Februari 2025

Daktari Farhiya,

Leo sina utani. Au ninao kidogo, lakini umeingia uchungu.

Zizi langu limeoza nikiliangalia. Ilianza kwa macho kutoa machozi, nikasema ni moshi. Kisha kamasi, nazo kwanza zilikuwa nyepesi kama za mtoto, sasa ni za manjano, nzito, zinaning'inia mpaka kwenye nyasi, na ng'ombe akiinua kichwa zinakatika na kumpiga mwenzake shavuni. Pua zimechubuka, nyekundu kama nyama ya buchani, na juu yake kuna gamba ambalo nzi wamelifanya kanisa. Wanapumulia mdomo. Harufu yake sijui niifananishe na nini. Nilimwambia Mokeira inafanana na maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo, akasema mimi hata kwenye uvundo natafuta insha.

Jana Sista ametupa mimba. Nilikwenda kuchota maji ya kusafisha, na niliporudi mbwa wa Onyiego alikuwa ametangulia. Sitaandika zaidi. Tangu hapo sijaweza kunywa chai yenye maziwa, na wewe unajua Mgusii asiyekunywa chai ni mgonjwa wa kulazwa.

Wengine hawakuzidiwa hivyo, wanachuruzika kidogo na kula. Wengine ndio hao. Sijui nani alipata chanjo na nani maji ya chumvi, lakini nimekaa nikifikiri: je, hii sindano yenu ndiyo imewaumiza? Watu hapa kijijini wanasema hivyo. Mimi sikusema kitu.

Vijiti vyote vimo ndani ya sanduku. Kimoja kimevunjika, samahani. Nilikuwa nimegeuza uso.

Machogu


Kisii Mjini,
6 Machi 2025

Mwalimu Machogu,

Nimepima damu. Nikapima tena. Ni virusi vya mtaani, wala si vya chanjo. Sindano haikumwumiza ng'ombe wako hata mmoja, na ukimsikia mtu akisema hivyo tafadhali usikae kimya.

Lakini swali lililobaki ni baya zaidi. Wametufungulia orodha ya nani alipata chanjo na nani maji ya chumvi. Kati ya walioambukizwa wamo waliochanjwa. Maana yake ni moja kati ya mbili: ama chanjo yangu haifai, ama kuna kitu kiliingia zizini kwako kabla miili ya ng'ombe haijawa tayari. Virusi havishuki na mvua. Huletwa na pua ya ng'ombe mwingine.

Nakuuliza kwa heshima. Kuna mgeni aliyeingia? Lini? Nataka tarehe tu. Kama aliingia kabla ya sindano ya pili, chanjo haikupewa nafasi, na kamati ya jaribio itaelewa. Zizi lako litaondolewa kwenye jaribio waziwazi, na sababu itaandikwa, kisha tutaendelea mahali pengine. Kama hakuna aliyeingia, basi nimeshindwa, na nitasimama niseme hivyo.

Kamati inakaa Ijumaa, tarehe kumi na nne.

Nikueleze kitu ambacho hakikupasa kutoka humu ndani. Mkuu wangu ameniita akafunga mlango. Ananiambia tulitoe zizi lako kwenye hesabu kimyakimya, kana kwamba hamkuwahi kuwepo, ili chanjo ionekane safi. Alikuwa anakula sambusa huku akisema. Mafuta yalikuwa yanamchuruzika kidoleni na anayaramba, na mimi ninayeshinda na kamasi mchana kutwa, nilitamani kutoka nje nikapumue. Nimekataa. Sasa sina chochote cha kuweka mezani isipokuwa ukweli, na ukweli huo uko Nyansiongo.

Jambo la mwisho, ulijue hata kama hutanijibu. Ng'ombe akishapata virusi hivi, anabaki navyo maisha yake yote. Hujificha kwenye neva. Unaweza kumwona amepona, pua kavu, anang'aa. Ukimsafirisha, ukimwuza, ukimtia hofu, vinaamka na anaanza kuambukiza upya.

Nasubiri.

Farhiya


Nyansiongo,
10 Machi 2025

Daktari Farhiya,

Hunijui. Mimi ni Phanice, binti wa Mwalimu Machogu, yule anayeolewa. Nilikuja nyumbani jana kumpima Mama nguo ya harusi nikakuta barua yako mezani imefunguliwa, na Baba amekaa mbele yake kama mtu anayesubiri ijiandike majibu.

Nikasikia kikohozi nyuma ya migomba. Nikamwuliza, "Tata, huyo ng'ombe ni wa nani?"

Akasema, "Ni wako."

Daktari, nilikwenda kumwona. Amefungwa kamba fupi, pua yake sitaki kuieleza, wewe ndiye mwenye kazi hiyo. Nikarudi nikamwuliza mbele ya Mama, "Yaani mimi nimetolewa kwa kamasi?" Mama akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akaniambia niache kupiga kelele, Onyiego anasikia. Kila kitu hapa ni Onyiego anasikia!

Yupo, basi. Mgeni wenu ni huyo, katoka Keumbu. Tarehe akuambie mwenyewe, nimemwambia asipokuandikia nitampigia simu Duke avunje kila kitu na nguo nitaiuza. Naona alificha kwa sababu ya fahari tu, aonekane mzee ambaye ng'ombe wa binti yake wameingia wote bila mmoja kukataliwa.

Pole kwa kazi yako. Baba si mtu mbaya. Ni mtu wa adabu kupita kiasi, inachosha.

Phanice


Nyansiongo,
12 Machi 2025

Daktari Farhiya,

Phanice amekuandikia, na amenionyesha alichoandika baada ya kukipeleka, ndivyo vijana wanavyofanya siku hizi. Ana haki karibu kwa yote. Ila hapo penye fahari hajapapatia, na kwa kuwa utasimama mbele ya watu Ijumaa, ni afadhali usimame na jambo lilivyokuwa.

Ng'ombe huyo aliingia zizini kwangu Jumapili, tarehe tisa Februari. Sindano ya pili uliichoma Jumatano iliyofuata. Barua niliyokuandikia Jumatatu, tarehe kumi, nikisema hakuna jipya, ilikuwa uongo mtupu. Alikuwa anakohoa huku naiandika.

Sasa ilivyokuwa. Sisi mtu akileta mahari, wazee wa upande wa binti huenda kwanza kuwaangalia ng'ombe kwao. Kazi ya mkaguzi ni kudharau. Huyu amekonda, huyu chuchu moja haina kazi, huyu pembe zake zina hasira. Kila mtu anajua ni mchezo, na wenye ng'ombe wanakasirika kwa heshima. Mimi nilikwenda nimejaa maneno. Lakini tulipofika Keumbu walitutanguliza mezani, na Daktari, ukishakula kuku wawili wa mtu, ulimi unakuwa mzito kumtukania ng'ombe.

Huyo wa mwisho alikuwa mweusi, mzuri wa umbo. Onyiego akanivuta mkono wa shati. "Mwalimu, tazama pua."

Nikatazama. Uzi ulikuwa unashuka. Mzee Manasseh naye akauona, na akaona kwamba nimeuona. Akatoa kitambaa mfukoni, akampangusa ng'ombe taratibu, kama mama anavyompangusa mtoto kabla ya kuingia kanisani. Akasema, "Vumbi la barabara."

Na mimi, niliyekuwa nimeonywa na wewe kwa maandishi, nikasema, "Ee, vumbi la Keumbu ni kali."

Hakuna aliyenishika shingo. Nilisema mwenyewe.

Kisha wakaleta uji wa kuagania. Kikombe changu kilikuwa na tone pembeni. Mzee Manasseh, kwa kunipa heshima, akatoa kitambaa kilekile na kunifutia ukingo. Niliunywa wote, na nikasifu.

Siku ya tarehe tisa walimleta yeye na wenzake, wakasimama uani watu kama kumi na tano wakiimba. Wenzake aliokuja nao hawakuwa na dalili. Ningeweza kusema, jamani, huyu tumfunge pembeni, kuna madaktari. Mdomo ulifunguka. Lakini kumfunga pembeni ng'ombe wa mahari, mbele ya waliomleta, ni kuwaambia kijana wao ana kasoro. Nikawaona wanasubiri anywe maji pamoja na ng'ombe wa nyumbani. Akainama kwenye hori, akanywa, akapuliza, Sista akainama pembeni yake. Wakapiga vigelegele. Walipoondoka Mokeira alimtenga yeye na kuwaficha wenzake migombani, na siku uliyokuja ndiye aliyekuzuia njia. Usimlaumu. Nilimwagiza mimi.

Jana nilikwenda Keumbu kumrudisha. Onyiego nimemwambia kwamba nilizungumza kama jaji, Manasseh akainamisha kichwa. Hivyo ndivyo kijiji kinavyojua hadi sasa. Ilivyokuwa ni hivi.

Nilimwacha ng'ombe hapa nyumbani nikaenda kwanza kwa mdomo. Nikasema ninavyoweza, nikizungukazunguka, mpaka Mama Bonareri, mke wa Manasseh, akaniuliza, "Mwalimu, unaumwa?" Nikasema ng'ombe ndiye anayeumwa, na anaumwa tangu hapa.

Manasseh hakukasirika. Akacheka! Akasema, "Mkwe, mlete tu. Siku ya soko ikifika atapata mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote. Mpake mafuta kidogo puani, asubuhi na mapema."

Nikamwuliza yeye alimpata wapi.

"Sokoni hapo. Na mimi niliambiwa ni vumbi." Akazidi kucheka mpaka machozi yakamtoka, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kitambaa, na kuanza kujifuta uso.

Daktari, nilitapika. Sikufika hata nje. Nilitapika mlangoni kwa wakwe zangu, juu ya viatu vya mkwe wangu na sukuma wiki za Mama Bonareri, na kila nikidhani nimemaliza naiona ile pua, yule mbwa, kile kikombe. Mama Bonareri akanishika paji la uso. Wala hakutukana. Alimgeukia mumewe akamwambia neno moja tu, "Kichome," na Manasseh akaenda kukitia kitambaa motoni kwenye jiko.

Nilipopata pumzi nikasema simrudishi. Akirudi kwao atakwenda sokoni, na akitoka sokoni ataingia kwa mjane fulani mwenye ng'ombe mmoja. Atabaki kwangu. Hatauzwa, wala wangu wowote hawatauzwa wakiwa hai, kwa kuwa umeniambia wameshabeba kitu hiki maisha yao yote. Nitakamua nikipata, na nikishindwa nitawachinja hapahapa. Phanice anasema amehesabiwa kuwa ametolewa mahari kamili, na anayetaka kubisha amfuate dukani Magwagwa. Duke alikuja jioni, amejifunga buti, akaosha hori lote kwa dawa bila kuambiwa.

Haya, umekwisha kuwa na tarehe. Nakuomba jambo moja. Ijumaa usiseme mbele yao "mfugaji mmoja wa huko Borabu", kama mnavyoliita eneo letu hili. Mkuu wako atasema mfugaji asiye na jina hayupo. Sema ni Machogu wa Nyansiongo, na uwape namba yangu ya simu. Nitaiweka karibu tangu asubuhi.

Mwalimu Machogu